Mzee anataka gari, shemeji anasema pikipiki, mimi moyo wangu uko kwenye baiskeli

Shikamoo Mama. Nasoma majibu yako siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike maana hili jambo limeanza kuleta maneno ndani ya nyumba na mimi sipendi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nyamanoro, kule juu kwenye mawe. Wewe mwenyeji wa Mwanza ukisikia juu kwenye mawe unaelewa, yani gari linaishia chini barabarani afu hapo ni kupanda kwa mguu kama dakika 5 kwenye kinjia ambacho mvua ikinyesha kinageuka mto. Nina kaduka Kirumba, nauza dagaa na nafaka. Mzee, yani mume wangu, yuko kiwanda cha samaki, gari la kazini linampitia barabarani na linamrudisha, kwaiyo usafiri wa kila siku kwake sio shida, shida ni yangu.

Safari zangu zote ni fupi fupi. Asubuhi saa 12 na robo natoka na mtoto wa mwisho, yuko darasa la kwanza, tunapanda boda mimi na yeye mpaka shuleni, namshusha, boda inaendelea na mimi mpaka dukani, hapo ni 1,500. Saa nane dada zake wanamchukua wanarudi nae. Mchana lazima nishuke soko la dagaa la Mwaloni kuangalia mzigo umeingiaje na bei imeamkaje, kwenda 1,000 kurudi 1,000. Jioni narudi na vitu vya nyumbani, 1,500 tena. Kwa siku ni 5,000, na nafanya kazi siku 26 kwa mwezi, Mama hiyo ni 130,000! Nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya daftari la madeni nikashtuka maana ni zaidi ya kodi ya fremu ninayolipa. Daladala zipo ni 600 lakini asubuhi zinakuja zimejaa, na ukiwa na mtoto konda anakuona tu anapiga bodi gari inaondoka. Nilipima umbali kwa simu, nyumbani mpaka shule km 1 na nusu, shule mpaka dukani km 1 na nusu nyingine, dukani mpaka Mwaloni km 1. Siku nzima nazunguka km 8 tu.

Sasa mwezi uliopita tumevunja kikoba na mimi nimepata 3,200,000. Hela ilipoingia tu kila mtu akawa na wazo. Mzee anasema achukue mkopo kazini tuongezee tununue gari, kuna mtu anauza Passo 8,500,000. Sababu zake ni kwamba mvua zinanyesha sana, Jumapili tunaenda kanisani watu 5, na mama yake yuko Magu anasumbuliwa na presha, siku yoyote anaweza kuhitaji kuletwa mjini. Anasema familia ya watu 5 sio ya kupakizana kwenye boda. Shemeji yangu, mdogo wake mzee, anasema gari ni kujitafutia umaskini, nichukue Boxer 150 hela inatosha kabisa, asubuhi atanipeleka mimi na mtoto, mchana nikiwa dukani anapiga nayo boda ananiletea hesabu 8,000 kila siku, pikipiki itajilipa yenyewe.

Mimi nimezaliwa Ukerewe, Nansio. Baiskeli nimeanza kuendesha darasa la 3, nilikuwa napeleka mahindi mashineni debe likiwa kwenye keria, na kule mwanamke akipita na baiskeli hakuna anayegeuka. Hapa mjini nilipotaja tu baiskeli mzee alinyamaza muda mrefu afu akasema, watu wataona nimeshindwa kukutunza. Dada yangu nae akaniambia mama mtu mzima na kitenge chako utaonekanaje. Niliona aibu nikaacha kuongea.

Kingine Mama, na hiki sijamwambia mtu, siku za giza dagaa zikiwa nyingi na bei iko chini mtaji wangu unaishia gunia 3 au 4, nabaki naangalia wenzangu wanajaza stoo, afu mbalamwezi ikiingia dagaa zinaadimika wao ndio wanauza. Kila nikiifikiria hiyo 3,200,000 naona gunia za dagaa, sioni gari wala pikipiki. Lakini na usafiri nao unanila. Nisaidie nisije nikaamua kwa hasira.

Mama wa watoto watatu, Nyamanoro

*

Marahaba mwanangu, mhola? Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, maana umenifanyia kitu ambacho wengi hawafanyi. Watu wananiandikia ninunue gari gani, ninunue pikipiki gani, wanataja bei na rangi, ila safari zao hawazitaji hata moja. Wewe umeandika unatoka saa ngapi, unaenda wapi, km ngapi na unalipa shilingi ngapi, kwaiyo jibu lako nimelikuta humo humo kwenye barua.

Nunua baiskeli. Nakuambia mapema ili usisome huku roho inadunda, afu nikueleze kwa nini, na nikueleze pia mzee wako yuko sahihi wapi, maana yuko sahihi kwenye mambo ambayo usiyapuuze.

Nianze na gari. Mimi mwenyewe nimekuwa na Vitz miaka 4, nikikaa Mabatini na kazi yangu ikiwa mjini, km 3 kwenda 3 kurudi, na humo katikati nalizima nashuka sokoni naliwasha tena. Lilinisumbua betri mpaka nikachoka. Nilinunua betri mpya ikafa kabla ya mwaka kuisha, nikadhani nimeuziwa feki, nikanunua nyingine ikaanza mambo yale yale. Fundi mmoja mzee ndio akaniuliza, mama hili gari huwa unakwenda nalo wapi? Nikamwambia. Akafungua mfuniko wa oili akanionyesha upande wa ndani, kulikuwa na kitu cheupe kimeganda kama uji wa maziwa. Akaniambia injini yako haipati muda wa kuchemka vizuri, mvuke wa maji unaoingia kwenye oili haupati joto la kuukausha unabaki humo, na betri kila ukiwasha stata inavuta umeme mwingi, afu unatembea dakika 7 unazima kabla oltaneta, ile inayochaji betri, haijarudisha ulichochukua. Gari linapenda safari mwanangu. Safari zako zote ni za km 1 au 1 na nusu au 3, hapo gari linafanya kazi kwenye hali yake mbaya kuliko zote, hata mafuta linakunywa zaidi maana injini ikiwa ya baridi inamwagiwa petroli nyingi mpaka ipate moto, na ikipata moto wewe umeshafika.

Kwaiyo ile hesabu ya anayeuza kwamba Passo inakwenda km 15 au zaidi kwa lita, hiyo ni ya barabara ndefu. Kwa safari zako na foleni ya Kirumba mimi naiweka km 8 kwa lita, maana yake lita moja kila siku. Kwa kurahisisha tuseme lita ni 3,000, hapo ni 78,000 kwa mwezi. Afu kuna swali ambalo kwenye barua yako yote halijaguswa, hilo gari litalala wapi? Nyumbani kwako halifiki! Litalala chini kwa mtu mwenye geti, utamlipa, hata akikuonea huruma akachukua 1,000 kwa usiku ni 30,000. Umeshafika 108,000 na bado hujagusa bima, servisi, tairi, wala makato ya mkopo wa 5,300,000 ambayo yatatoka kwenye mshahara wa mzee kila mwezi gari likitembea au likiwa gereji. Road license ilifutwa toka 2017 kweli, lakini haikufutwa bure, ilihamishiwa kwenye bei ya mafuta, unailipa kila ukiweka lita. Na mvua ikinyesha, ile ya kwetu inayotoka ziwani alfajiri na radi, mtaloa tu kwenye kale kanjia kabla hamjalifikia gari.

Kwenye Magu na kanisani mzee ana hoja, tena ya mtu anayejali. Ila mwulize kwa upole, kwa mwezi Magu tunaenda mara ngapi? Kama ni mara moja mnapanda gari stendi ya Nyamhongolo kama siku zote, na siku mama mkwe amezidiwa mnakodi, tena gari la kukodi linakuja na dereva wake na halikudai kitu siku 29 zilizobaki. Kanisani watu 5 ni bajaji moja mkibanana au mbili mkikaa kwa raha. Usiku mtoto akiumwa, awe nani awe nani mtashuka nae kwa mguu mpaka barabarani, kwaiyo cha muhimu ni namba za madereva wawili wa bajaji wanaolala karibu na wanaopokea simu saa nane usiku. Hizo namba zitafute wiki hii hata kama hujaamua lolote, tena mpe mzee nae azihifadhi kwenye simu yake.

Ila ukiniambia mama mkwe amehamia kwenu na ana kliniki kila wiki, au mmoja wa watoto hawezi kutembea vizuri, hapo nabadilisha jibu langu leo leo.

Sasa pikipiki. Sitaki kuisema vibaya maana kwa hesabu ya mafuta ni kweli shemeji hadanganyi, Boxer ukiitunza inakupa km 40 kwa lita bila shida, safari zako zingekula kama 600 kwa siku. Na kwa Mwanza hii ya vilima pikipiki inafika ambako gari halifiki. Kama ungekuwa unakaa Buhongwa unakuja Kirumba kila siku ningekuambia fikiria pikipiki, tena ujifunze mwenyewe, ukate leseni yenye daraja A, uendeshe mwenyewe. Wapo akina mama wanaendesha na wanaendesha vizuri sana.

Lakini hilo sio wazo la shemeji. Wazo lake ni kwamba hela ni yako, pikipiki anayo yeye. Fikiria mchana saa 6 unataka kushuka Mwaloni, umepigiwa simu mzigo umeingia, unampigia shemeji yuko Buzuruga na abiria. Utafanyaje? Utapanda boda ya mtu mwingine, 1,000 ile ile. Na hiyo 8,000 ya hesabu kwenye karatasi inapendeza, kwa siku 26 ni 208,000, ila pikipiki ya kulala nyumbani na pikipiki ya hesabu ni vitu viwili. Ya hesabu inakimbia kutwa nzima, tairi, cheni, bushi, oili, vyote ni juu ya mwenye chombo, bima yake ni ya biashara, kuna leseni ya LATRA, wale wa usafiri wa ardhini, kuna siku haijatoka, kuna siku imekamatwa. Dereva wa nje akikuletea 5,000 badala ya 8,000 unamwambia lete chombo. Shemeji utamwambia? Utakaa nae meza moja Jumapili mnakula na 15,000 yako haijaletwa, na mzee yuko katikati ya mdogo wake na mke wake. Nimeona nyumba mbili zimefika pabaya kwa pikipiki ya hesabu ya ndugu, na zote zilianza kwa nia nzuri kama hii.

Kuna jambo jingine lilinifanya niweke kalamu chini. Unasema asubuhi unapanda boda na mtoto wa darasa la kwanza, saa 12 na robo, na hapa kwetu saa hiyo bado ni giza giza jua halijatoka. Huyo mtoto anavaa helmeti? Wewe unavaa? Boda wengi wana moja tu, na ameivaa dereva mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali zaidi ya mara 6. Mpwa wangu alianguka na boda njia ya Pasiansi, mwendo wenyewe wala haukuwa mkali, kilichogonga lami ni kichwa, na mpaka leo ukimwita jina anachelewa kuitika. Kwaiyo kabla hatujafika kwenye chombo chochote, mtoto ashuke kwenye boda. Shule ni km 1 na nusu. Tokeni saa 12 kamili badala ya na robo, mtembee nae, mguu wa mtoto wa miaka 7 ni kama dakika 25, mshike mkono akae upande wa ndani mbali na magari, nunua rifleksa ile ya kuvaa, washa tochi ya simu. Mtapiga story njia nzima. Mimi wa kwangu mengi niliyajua kwenye dakika hizo, nani kamchapa, mwalimu kasema nini, nani hampendi.

Na hapo baiskeli inaingia. Unatembea na mtoto huku unaikokota, mkoba wake umekaa kwenye kapu la mbele, unamfikisha getini, kumeshakucha, unapanda wewe peke yako km 1 na nusu mpaka dukani, dakika 7 au 8 bila haraka yoyote. Kwa nini usimpakie kwenye keria? Kwa sababu ile barabara ina daladala na malori, na kwa sababu ya miguu yake. Mguu wa mtoto kuingia kwenye spoku ni jambo la sekunde moja, kisigino kinachunika mpaka unaona nyama nyeupe, wewe wa Ukerewe nadhani umeshawahi kuona. Siku ukilazimika kumpakia kwenye vichochoro, awe na pa kukanyagia pande zote mbili, na gurudumu la nyuma liwe limezibwa pembeni na neti au kava ngumu.

Mchana Mwaloni ni dakika 5 kwenda na 5 kurudi, tena hapa ndio nimefurahi kuliko sehemu zote, maana kwa boda ya 2,000 unashuka mara moja tu kwa siku, kwa baiskeli hata mara tatu haikuzuii kitu. Mfanyabiashara wa dagaa anayefika Mwaloni mara tatu anajua bei ilivyopanda na kushuka, sio kusimuliwa. Mzigo wenyewe endelea kuupandisha kwa guta kama kawaida, gunia usijaribu kuliweka kwenye keria. Jioni funga duka saa 12 ili ufike kabla giza halijaingia. Na pale chini ya mlima usijitese kupandisha baiskeli kwenye mawe, omba jirani mwenye kibaraza au mwenye duka aikubali ilale ndani kwake, baiskeli inakaa ukutani haimzibii mtu njia, mpe dagaa kilo moja kila mwisho wa mwezi. Ile dakika 5 ya kupanda kwa mguu unaipanda hata sasa hivi ukishashuka kwenye boda, kwaiyo hakuna kilichoongezeka.

Hela sasa. Toka kwenye 130,000 toa 25,000 kwa ajili ya siku za mvua kubwa na siku umechoka, ambazo utapanda bajaji bila kujilaumu, toa 8,000 za viraka, oili ya cheni na spoku, unabaki na 97,000 kila mwezi. Baiskeli na kufuli zuri na pampu na taa tuseme 280,000, ndani ya miezi 3 imerudisha hela yake. Pikipiki ya milioni 3 hata ukiitumia peke yako vizuri kabisa ingekuchukua zaidi ya miaka 2, na Passo hairudishi kamwe kwa safari hizi.

Inabaki 2,920,000, na hapa narudi kwenye ile aya yako ya mwisho ambayo umesema hujamwambia mtu. Hiyo ndio barua yako hasa mwanangu. Wewe hujakosa chombo, umekosa mtaji wa siku za giza. Wavuvi wanavua dagaa kwa taa, mbalamwezi ikiwaka dagaa haziijii taa, kwaiyo kila mwezi unakuja mzunguko ule ule, tele na adimu, na wewe unaujua kuliko mimi. Weka 500,000 pembeni kabisa kwenye akaunti iwe ya mama mkwe na dharura za usiku, mwonyeshe mzee kwa macho yake kwamba ipo. Halafu giza linalokuja ongeza gunia, lakini usimalize hela yote kwa mwezi mmoja, anza na milioni 1 uone stoo yako inavyokaa, dagaa ziwe zimekauka kweli zinavunjika ukizikunja, gunia zikae juu ya mbao zisiguse sakafu, ukuta usivuje. Zikishika unyevu zikaota ukungu, umepoteza mtaji wote kwa wiki 2.

Sasa mzee. Alipokuambia watu wataona nimeshindwa kukutunza, hiyo ni sauti ya mwanaume anayetamani kukupumzisha na ameona kama umemkatalia zawadi. Usimjibu kwamba gari ni upuuzi. Chukua daftari la madeni, kaa nae siku amepumzika, mdogo wake asiwepo, mwonyeshe 5,000 za kila siku, mwonyeshe na hayo ya giza na mbalamwezi, mwambie nataka hii hela izae kwanza, gari tutakuja kulinunua kwa dagaa na sio kwa mkopo, na siku hiyo tutakuwa tumehama juu ya mawe liwe na pa kulala. Afu mwombe yeye ndio akakuchagulie baiskeli. Nakuambia hili kwa moyo wote, mwanaume akiikagua mwenyewe akaizungusha ringi akaijaribu breki, kesho mtu akimwambia nimemuona mkeo na baiskeli atasema ndio, nilimnunulia mimi. Na hao watu wenyewe toka nje kidogo tu ya mji, Kisesa, Magu, Misungwi, uone akina mama wanavyoendesha na vitenge vyao na mtoto mgongoni. Usukumani nyumba ilikuwa inahesabiwa ina baiskeli au haina. Dada yako mpe wiki 3 atazoea.

Kununua, chukua zile za mtumba za Kijapani za kike, zenye bomba la mbele limeshuka chini ili kitenge kisikusumbue kupanda, ziwe na kava ya cheni nzima, kapu mbele, na kufuli lile la kwenye gurudumu la nyuma. Nyingi zina gia 3 ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, zungusha uhakikishe zote 3 zinaingia. Inua gurudumu la mbele lizungushe uangalie ringi kama inayumba, shika tairi ulisukume kushoto na kulia, ikicheza bearing zimekwisha. Tairi lenye nyufa nyufa pembeni mwambie muuzaji abadilishe kabla hujatoa hela. Siti ipandishe mpaka ukikaa mguu unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini, wengi wanaiacha chini sana afu wanasema baiskeli inaumiza magoti. Barabarani usijibanze kabisa kwenye ukingo wa mtaro, acha nafasi kama ya mkono mmoja, na daladala ikisimama kituoni usipite kushoto kwake hata siku moja, abiria wanashukia huko na mlango unafunguka bila kuangalia. Subiri iondoke.

Na breki ndio usikubali kudanganywa. Siku ya kuijaribu vaa kitenge unachovaa dukani, mwende na mzee Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, tafuta mteremko, ushuke pole pole umeshika breki ya nyuma peke yake, afu ya mbele peke yake. Ikishindwa kukusimamisha kabla ya kufika chini, irudishe kwa muuzaji siku hiyo hiyo mtafute nyingine. Ukishaipata niandikie, na uniambie giza hili umeweka gunia ngapi.